Vikundi vya Wastaafu vya Maarifa na Mazungumzo (Morogoro na Uluguru)

Vikundi vya wastaafu ni jumuiya za hiari za watu waliokwisha kuiacha kazi ya mshahara kwa ajili ya umri, ambao hukutana kwa nyakati walizozipanga wenyewe ili wazungumze, wajifunze na wafundishane mambo yenye manufaa au furaha kwao, bila ya mtihani, bila ya cheti, wala bila ya kutazamia ujira. Katika mji wa Morogoro, uliokaa chini ya Milima ya Uluguru kiasi cha kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam, jumuiya za namna hii zina usuli wa namna mbili: wa kwanza ni baraza ya wazee, ambayo ni ya kale kuliko serikali zote zilizopata kutawala hapa, na wa pili ni elimu ya watu wazima, ambayo taifa huru liliieneza mpaka vijijini katika muda wa miaka michache.

Kwa sheria ya utumishi ya Tanzania mtu huweza kuacha kazi kwa hiari atimizapo miaka 55, na walio wengi, watimizapo 60, huwa hawana budi kuiacha. Na umri huo wa 60 ndio ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeuhesabu kuwa mwanzo wa uzee. Wastaafu wa Morogoro ni wa tabaka nyingi kwa sababu historia ya kazi katika mji huu ni ya tabaka nyingi. Reli ya Kati ilifika mwaka 1907, na pamoja nayo wakaja makarani na mafundi; shule ya kuwafunza watumishi wa serikali za mitaa ilianzishwa Mzumbe mwaka 1953, ikakua hata ikawa chuo kikuu; Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilisimama kwa jina lake mwaka 1984; na katika zama hizo hizo vikajengwa viwanda vya viatu, ngozi, turubai na nguo, ambavyo vingi vilifungwa au viliuzwa miaka ya 1990, na wafanyakazi wake wakajikuta wastaafu kabla umri haujawaamuru. Katika mitaa ya Kihonda, Kilakala, Bigwa na Mji Mpya huishi kwa ujirani muuguzi, mwalimu, bwana shamba, fundi wa cherehani za kiwandani na mwanazuoni, kila mmoja akiwa na maarifa ya miaka thelathini au arobaini ambayo siku ya kuagwa kazini hayakuulizwa yaende wapi.

Baraza ya wazee haikuwa na daftari wala katiba, walakini ilikuwa na utaratibu. Alasiri, joto lipungukapo, wazee hukaa kivulini penye kahawa na bao, na aliye hodari wa kusoma huwasomea wengine gazeti, na habari moja huzaa mjadala ambao haumaliziki mpaka adhana ya magharibi. Misikitini darsa hukusanya wazee kwa wingi, na makanisani jumuiya ndogo ndogo hufanya kazi iyo hiyo. Milimani mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa kuwa Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, huhesabu nasaba kwa upande wa mama, na ardhi ya lukolo, yaani ukoo, ilikuwa chini ya mkuu wake. Kwa hiyo mjomba ndiye aliyemfundisha mpwa mipaka ya mashamba, majina ya waliotangulia na adabu ya matambiko. Chifu Kingalu wa Kinole, huko milimani, ambaye jina lake limepewa soko kuu la Morogoro, alikuwa mashuhuri kwa kuomba mvua, na watu waliopanda kwake walikwenda pia kutaka shauri.

Usuli wa pili una tarehe zinazojulikana. Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo inastahili kuelezwa kwa urefu kwa kuwa ndiyo iliyowazoesha watu wa kawaida kujifunza kwa duara. Kikundi kilikusanyika kwa saa iliyowekwa kuzunguka redio. Kipindi kilipokwisha, kiongozi, ambaye hakuwa mwalimu bali mwenzao aliyepewa mafunzo mafupi, alisoma au alisomesha sura ya kitabu. Kisha watu wakajadiliana kama maneno yale yanahusu kijiji chao, na kabla ya kutawanyika wakakata shauri la kutenda, mathalan kuchimba vyoo, kufukia madimbwi ya mbu au kuchemsha maji. Watu wapatao milioni 2 walishiriki katika nchi nzima. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwaka huo huo vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mfano uliotoka Sweden. Kimoja cha vyuo hivyo kipo Bigwa, chini ya mlima. Kijana wa miaka 25 aliyekaa katika duara la Mtu ni Afya alitimiza miaka 60 mwaka 2008. Basi wazee wa leo wa Morogoro hawahitaji kufundishwa namna ya kuendesha kikundi cha elimu. Wanahitaji kukumbushwa tu kwamba waliwahi kukiendesha.

Ng'ambo jambo hili lilipata jina la chuo kikuu. Mwaka 1973, mwaka ule ule wa Mtu ni Afya, Pierre Vellas alifungua mjini Toulouse, Ufaransa, chuo kikuu cha umri wa tatu, ambamo wazee waliketi kusikiliza maprofesa. Na miaka michache baadaye Peter Laslett, Michael Young na Eric Midwinter wakauanzisha Uingereza mtindo mwingine, usiokuwa na maprofesa, ambamo kila mwanachama ni mwalimu wa alijualo na mwanafunzi wa asilolijua. Mtindo huu wa pili ndio uliofanana na desturi yetu, na katika rai ya makala haya ndio unaofaa Morogoro, kwa sababu hauhitaji fedha nyingi, na tena humrudishia mzee heshima ya kuulizwa.

Hali ya sasa ni ya kutia moyo kwa upande mmoja na ya kusikitisha kwa upande wa pili. Mabaraza ya wazee yameundwa katika kata na vijiji kwa mwongozo wa serikali, na mashirika kama MOREPEO, la wazee wa Morogoro, yameshughulika na haki na afya zao. Vikundi vingi vilivyoanzishwa na wastaafu wenyewe ni vya kuweka na kukopa, na vya kuzikana. Navyo ni vya lazima, maana malipo ya uzeeni ya wengi ni haba. Ila fedha hula kikao chote: yakishasomwa mahesabu na yakishatozwa madeni, jua limekwisha kutua, na yule fundi aliyeweza kueleza namna ya kuhifadhi pampu ya maji huondoka na maarifa yake kama alivyokuja. Vikundi vya wanawake vimefanya vizuri zaidi, kwa kuwa muuguzi mstaafu akiwa mwanachama wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, hakosi kuulizwa habari za shinikizo la damu na za kulea wajukuu, na huzijibu hapo hapo, fedha zikihesabiwa.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba kustaafu ni jambo la mwenye mshahara. Mkulima wa milimani, wa Kinole, Matombo au Mgeta, hastaafu. Miaka 70 humkuta angali akipanda mlima na jembe begani, wala hakuna barua imwambiayo apumzike. Kikundi kikifungwa kwa wenye pensheni peke yao, humwacha nje mwalimu aliye bora. Historia imeshuhudia hasara ya kumwacha nje: miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, na wenyeji walipolalamika kwamba mashamba yao yanaharibika hawakusikilizwa, mpaka mwaka 1955 kukazuka ghasia Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mradi ukaachwa. Ilikuja kukubaliwa kuwa udongo wenye rutuba katika miteremko mingi ni mwembamba, na ngazi zile zilikuwa zikiufukia na kuleta juu ule usiozaa.

Miaka ya 1980 mambo yalifanywa kwa njia njema zaidi, pale wataalamu wa Sokoine walipopeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, na wafugaji wakawa washiriki wa elimu ile. Wapo leo mjini mabwana mifugo wastaafu, na wapo milimani wafugaji wazee, na pande hizi mbili zikiketi pamoja kila moja itakuwa na la kusema na la kusikia. Vivyo hivyo katika habari za chemchemi za Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Katika dawa za miti. Na katika muziki, maana Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, na wangalipo waliocheza dansi kwa sauti ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, na ambao wangeweza kusimulia mengi kama wangepata wa kuwaandikia.

Kwa ajili hiyo vyuo vya Bigwa, Mzumbe na Mazimbu (kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine), pamoja na maktaba ya mkoa, vinaombwa kuwatengea wazee chumba kimoja kwa alasiri moja ya wiki. Na vikundi vyenyewe vinaombwa, kabla ya kununua sare na kabla ya kuagiza chai, vitoe kwanza nauli ya kumleta mjini mzee wa mlimani na kumrudisha kwake.