Mfungwa Asiye na Ndugu Mjini

Anayetaka kuelewa shida ya mfungwa katika gereza la Kisangani na aanze na historia ya lugha za mji wetu. Wagenya walivua samaki kwenye maporomoko ya Boyoma kabla wageni hawajafika. Kiswahili kilikuja na misafara ya wafanyabiashara kutoka mashariki, na mwaka 1887 dola ya Mfalme Leopold wa Pili ilimfanya Tippu Tip kuwa liwali wa Stanley Falls. Kilingala kilipanda mto pamoja na askari na meli. Kifaransa kikawa lugha ya ofisi na mahakama. Hivyo Mmbole, Mlengola, Mtopoke au Mkumu aliyeshtakiwa mjini alihukumiwa kwa lugha moja na kulindwa kwa nyingine, huku lugha ya mama yake ikibaki nje ya mlango wa gereza.

Serikali ya Wabelgiji ilijua vizuri kwamba watu wana mila mbalimbali, lakini iliutumia ujuzi huo kuwapanga kwa madaraja. Mzungu alifungwa mahali pake na Mwafrika pake, na kiboko kilikuwa adhabu ya Mwafrika. Kuanzia mwaka 1948, Mwafrika aliyepewa kadi ya sifa za uraia aliepushwa na kiboko hicho. Maana yake ni kwamba utu wa mtu ulipimwa kwa jinsi alivyofanana na mtawala.

Tumtazame Patrice Lumumba, Mtetela aliyekuwa karani wa posta hapa Stanleyville. Mwaka 1956 alikamatwa kwa kosa la fedha za posta, akafungwa hadi mwaka 1957. Alikuwa amesoma, akijua Kifaransa vizuri, na akiwa kifungoni aliandika kitabu kizima, ambacho kilichapwa mwaka 1961 baada ya kifo chake. Aliweza kujieleza na kudai haki yake kwa maandishi. Je, mwanakijiji aliyefungwa wakati ule, asiyejua ila lugha ya kwao, angemwandikia nani? Kifungo ni kimoja, lakini asiyesikika anaongezewa adhabu ambayo hakimu hakuitamka.

Leo sheria zetu zinakataa jambo hilo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inaagiza kwamba anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na kwamba kila mfungwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai, afya na heshima yake. Mnamo Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela, zinazotaka mfungwa apate mkalimani pale asipoelewa lugha ya gereza. Tena, sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu asilia wa misitu yetu, ambao miongoni mwao ni Wambuti wa Bafwasende.

Lakini karatasi haimlishi mtu. Katika magereza ya nchi yetu, wafungwa wengi wanategemea chakula kinacholetwa na jamaa zao. Mwenye shangazi Makiso au Mangobo atapata sahani ya pondu. Aliyetoka mbali msituni, ambaye kwao hawajui hata kama yu hai, atangoja mabaki ya wenzake. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Huyu ni mgeni ndani ya mkoa wake mwenyewe.

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Tangu mwaka 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola juu ya ardhi umemwaga damu, na wengi wamekimbilia mjini wakiwa hawana kitu. Tukianza kumhudumia kila mfungwa kwa sababu tu ni wa kabila letu, tutakuwa tumeuingiza ugomvi huo gerezani. Kuheshimu mila ya mtu si kumpunguzia kosa. Aliyeua ameua, na waliofiwa wanastahili haki. Tunaheshimu mila yake ili aelewe shtaka lake, aweze kujitetea, na siku moja arudi kwao akiwa mtu anayeweza kupatana na jirani.

Basi, katika vikundi vyetu vya parokia tuulizane: nani kati yetu anasema Kimbole, nani Kilengola, nani Kikumu, nani Kitopoke? Lugha ambazo wengine huona haya kuzisema mjini ndizo zinazohitajika huko ndani. Kwa ruhusa ya mkuu wa gereza, na tukiongozwa na padre anayewahudumia wafungwa, tunaweza kupeleka ujumbe kijijini, kumfafanulia mtu barua ya mahakama, na kuuliza kwanza ni nani hajatembelewa na mtu yeyote. Kijana Mmbole atakayempelekea chakula Mlengola asiye na ndugu mjini atakuwa amefanya kazi ambayo gereza la kikoloni halikuiweza: kumjua mwenzake alivyo bila kumpanga chini yake.