Nyumba za Wakfu za Unguja

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kila nipitapo Mji Mkongwe huzitazama ghorofa zilizochakaa nikawaombea dua waliozitoa wakfu. Karne ya 19 matajiri wa Unguja waliandikisha nyumba na viwanja visiuzwe wala kurithiwa: wakae jamaa zao, wakae watumwa waliowaacha huru, wakae mafakiri. Asiye na ndugu mjini akapata pa kulala, naye mwenye mali akitaraji malipo kwa Mola wake.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1897, amri ya Sultani, iliyotolewa kwa shinikizo la Waingereza, ilimtaka aliyepata uhuru aonyeshe makazi maalumu na njia ya kujikimu. Akishindwa, ahesabiwe mzururaji. Sharti lile huniuma mpaka leo. Mtu katumikishwa umri mzima, halafu kukosa kwake kunageuzwa kosa lake!

Wengi wa walioachwa huru walivuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, wakaja huku kwetu, wakajenga vibanda vya udongo na makuti kwenye viwanja vya watu, wengine bila kutozwa kitu. Miaka ya 1920 kodi za viwanja zikawalemea, na mwaka 1928 wana Ng'ambo wakagoma kulipa.

Basi leo ukimkuta mtu asiye na makazi kalala barazani kwako, mpe maji kabla hujamuuliza atokako. Na wewe mwenye nyumba ya pili usiyoihitaji, iandikishe wakfu. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ingalipo.