Albamu ya kwanza ya Ramones: kazi ya wiki moja, heshima ya miaka 38 baadaye

Tarehe 23 mwezi wa nne mwaka wa 1976, sahani moja ya muziki wa roki ilitoka mjini New York, Marekani. Iliitwa Ramones, jina la kikundi chenyewe. Ilikuwa na nyimbo 14, na zote pamoja hazikufika nusu saa. Watu wachache waliinunua. Leo huwezi kueleza historia ya muziki huo bila kuitaja.

Kikundi kilikuwa cha vijana wanne kutoka Forest Hills, upande wa Queens: Joey mwimbaji, Johnny wa gitaa, Dee Dee wa besi na Tommy wa ngoma. Hawakuwa ndugu. Walikubaliana tu kutumia jina moja la ukoo, Ramone, kama watoto wa baba mmoja.

Wengi hawajui Tommy alitokea wapi. Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka wa 1949, kwa jina la Tamás Erdélyi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Walipona Vita Kuu ya Pili kwa sababu majirani waliwaficha, lakini ndugu zao wengi waliuawa na Wanazi. Mwaka wa 1956 raia wa Hungaria waliinuka kupinga utawala, vifaru vya Muungano wa Kisovieti vikaingia Budapest, na watu wapata 200,000 wakakimbia nchi. Familia ya Tamás iliondoka pia, ikafika Marekani mwaka wa 1957.

Kikundi kilipoanza mwaka wa 1974, Tommy hakuwa mpiga ngoma. Alikuwa amefanya kazi studio, akataka kuwaongoza wenzake tu. Ngoma zilikuwa za Joey, lakini Joey alifaa zaidi kuimba. Wapiga ngoma wengine waliojaribiwa walijaza mapambo mengi. Tommy akakaa kwenye ngoma ili kuwaonyesha jinsi ya kupiga kwa urahisi, basi akabaki hapo hapo.

Baada ya kupiga mara nyingi katika baa ya CBGB, waliingia studio mwezi wa pili mwaka wa 1976, ndani ya jengo la Radio City Music Hall. Kazi ilichukua wiki moja hivi na dola 6,400, pesa kidogo sana kwa albamu ya wakati huo. Craig Leon alisimamia kurekodi, Tommy akimsaidia. Besi iliwekwa upande mmoja na gitaa upande mwingine: ukizima spika moja, gitaa linapotea karibu lote. Vikundi vikubwa vya wakati huo vilirefusha nyimbo kwa solo za gitaa. Hawa waliziondoa, wakabakiza mwendo mkali na maneno machache.

Sokoni, albamu iliishia nafasi ya 111 kwenye orodha ya Billboard. Lakini tarehe 4 mwezi wa saba mwaka huohuo, Ramones walipiga London, Uingereza. Vijana waliokuwa wakianzisha vikundi vyao kule waliona kwamba si lazima kuwa fundi mkubwa wala kuwa na vyombo vya bei ili kusikika. Muziki wa panki ukashika moto.

Tommy aliacha ngoma mwaka wa 1978, na kikundi kikavunjika mwaka wa 1996. Joey alifariki mwaka wa 2001, Dee Dee mwaka wa 2002, Johnny mwaka wa 2004.

Ilikuwa mwezi wa nne mwaka wa 2014, miaka 38 baada ya kutoka, ndipo albamu hiyo ikatunukiwa dhahabu Marekani, alama ya nakala 500,000. Kati ya wanne wa kwenye picha ya jalada, aliyekuwa hai kuiona siku hiyo ni mmoja tu: yule mtoto aliyeondolewa Budapest. Naye alifariki tarehe 11 mwezi wa saba mwaka huohuo, nyumbani kwake Queens.