Jirani wa Makelele ya Usiku: Historia Inatufundisha Nini?



Ndugu Waislamu, wazee wa Kasulu na Kibondo wanakumbuka zama ambapo Waha waliishi kwa kutawanyika, kila mji na shamba lake. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu wakahamishiwa katika vijiji. Nyumba zikasogezwa karibu karibu. Tangu hapo ngoma, redio na walevi wa jirani vikawa vinasikika mpaka kitandani. Je, anayenyimwa usingizi afanye nini?

Suala hili si geni. Abu Daud amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kisa cha mtu aliyemlalamikia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani yake. Kwanza aliambiwa asubiri. Aliporudi mara ya pili au ya tatu, akaamrishwa atoe vyombo vyake njiani. Wapita njia wakauliza, wakaelezwa, wakamlaani yule mwenye kuudhi, hata akaja mwenyewe kumwomba mwenzake arudi ndani, akiahidi kutomuudhi tena. Tuzingatie utaratibu huu: subira ilitangulia, kisha jamii ikashuhudia. Hakupiga mtu wala hakuvunja kitu.

Kisa cha pili ni cha Imamu Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 150 Hijria). Wapokezi wa habari zake wanasimulia kuwa huko Kufa alikuwa na jirani fundi viatu, aliyelewa na kuimba usiku huku Imamu akisali. Usiku mmoja sauti haikusikika. Imamu alipoambiwa kuwa amekamatwa na walinzi, alikwenda kwa Amiri kumwombea, akaachiwa. Yule mtu akatubia.

Hata hivyo, subira si wajibu wa kuvumilia madhara milele. Mafakihi wamekubaliana juu ya kanuni kuwa madhara huondolewa, ila hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Basi kurusha mawe juu ya bati la jirani au kukata waya wake ni dhulma nyingine.

Njia ni hizi. Mwendee mchana, faraghani, akiwa na akili timamu. Akikataa, waombe wazee, imamu au mwenyekiti wa kitongoji wasuluhishe. Ikishindikana, ipo serikali ya kijiji, ambayo kwa sheria ya mwaka 1982 halmashauri yake inaweza kutunga sheria ndogo, na lipo baraza la kata, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Kanuni ya Adhabu inaihesabu kero kwa umma kuwa kosa, na kanuni za mazingira za mwaka 2015 zimeweka viwango vya kelele, vya usiku vikiwa chini kuliko vya mchana. Kumshitaki jirani baada ya hatua hizo si uadui.

Mwisho, tujitazame na sisi. Abu Daud amepokea pia kuwa Mtume (s.a.w.), akiwa katika itikafu, aliwakataza waliokuwa wakisoma kwa sauti kubwa wasiudhiane kwa kisomo. Ikiwa Qur-ani yenyewe ina adabu hiyo, vipi kuhusu kipaza sauti cha maulidi au mawaidha saa saba za usiku, na jirani ana mgonjwa ndani? Anayedai haki ya usingizi wake aanze kwa kuilinda ya mwenzake.

Wallahu a'lam.