Adrian Atiman

Adrian Atiman (Tundurma, katika Mali ya leo, mnamo 1866 – Karema, Tanganyika, 1956) alikuwa tabibu na katekista wa Kanisa Katoliki. Alifanya kazi kwa miaka 67 katika misheni ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambayo leo iko katika mkoa wa Katavi, magharibi mwa Mpanda. Anahesabiwa kati ya Waafrika wa kwanza kutoa tiba ya kisasa Afrika Mashariki. Hakuwahi kuwa padri.

== Utumwani na masomoni ==

Akiwa bado mtoto alitekwa kando ya mto Niger, akauzwa na kuvushwa jangwa la Sahara pamoja na msafara. Huko Algeria alikombolewa kwa fedha na Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama White Fathers, shirika lililoanzishwa na Charles Lavigerie mwaka 1868 mjini Algiers.

Lavigerie aliamini kwamba Waafrika ndio watakaoigeuza Afrika. Basi vijana kadhaa waliokombolewa wakapelekwa Malta kusomea utabibu, Atiman akiwa mmojawapo, kuanzia 1881 hadi 1888. Hawakuandaliwa kuwa mapadri. Walitakiwa kuoa, kuishi kati ya watu kama watu wengine, na kupata heshima ya kusikilizwa kutokana na uganga wao. Wazo hilo lilikuwa la kijasiri kwa wakati wake, ila lilikuwa na kasoro: kijana wa Niger aliyelelewa na Wafaransa hakuwa mwenyeji wa Tanganyika kuliko wamisionari wenyewe. Lugha na desturi za huko ilimbidi ajifunze upya.

== Karema ==

Atiman alifika Karema mwaka 1889 baada ya safari ndefu kutoka pwani. Mahali hapo palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika mwaka 1879, wakawakabidhi White Fathers mwaka 1885. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea ziwani, na misheni ilikuwa kimbilio la waliokombolewa. Tabibu wao sasa alikuwa mtu aliyewahi kuuzwa kama wao.

Alimwoa Agnes Wansabira, mwenyeji wa eneo hilo, na mtoto wao Joseph akawa padri. Ndoa hiyo ilimfunga na Karema kuliko agizo lolote la Lavigerie. Utawala wa Wajerumani ulikuja ukapita, ukaja wa Waingereza, naye alikuwa bado anatibu palepale.

== Tabibu chini ya mapadri ==

Katekista ni mlei anayefundisha dini wale wanaojiandaa kubatizwa, na anayeongoza sala pale ambapo padri hayupo. Kazi hiyo ilikuwa nzito katika misheni za White Fathers, kwa kuwa Lavigerie aliagiza ukatekumeni wa miaka minne kabla ya ubatizo. Mapadri walikuwa wachache na vijiji vilikuwa mbali. Bila makatekista mpango huo usingewezekana. Madhehebu mengine pia yalitegemea walei: Wamethodisti, kwa mfano, wamekuwa na wahubiri walei tangu wakati wa John Wesley katika karne ya 18.

Hata hivyo katekista alibaki chini ya padri. Kwa Atiman hali hiyo ilikuwa ya pekee, maana katika mambo ya tiba alikuwa na elimu kuliko waliomwongoza, nao wenyewe walipougua walimtegemea yeye. Mgonjwa aliyefika kwake alikutana na tabibu na mwalimu wa dini katika mtu mmoja, jambo ambalo ndilo Lavigerie alilolikusudia.

== Kumbukumbu ==

Atiman aliandika habari za maisha yake, nazo zilitolewa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ni ushuhuda adimu wa mtu aliyepitia utumwa na kuusimulia mwenyewe. Nyumba ya White Fathers jijini Dar es Salaam inaitwa Atiman House.

Karema ilikuwa makao ya jimbo hadi mwaka 1969, yalipohamishiwa Sumbawanga. Tangu mwaka 2000 parokia hiyo iko chini ya Jimbo Katoliki la Mpanda.