Sauti Zilizovuka Mto Rusizi

Redio iliyowashwa Cyangugu haijawahi kuwa na nchi moja. Kutoka Kamembe, mji wetu, hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 220, tena ni kupita katikati ya msitu wa Nyungwe. Kutoka Kamembe hadi Bukavu, Kongo, ni kuteremka kilima na kuvuka daraja la Mto Rusizi. Ndiyo maana wazee wetu walizungusha kitufe usiku wakapata Kigali, Bukavu, Bujumbura, Dar es Salaam, na zile sauti za Kiswahili kutoka Ulaya: BBC iliyoanza mwaka 1957 na Deutsche Welle iliyofuata mwaka 1963. Wajerumani walijenga hata kituo cha kurushia matangazo yao Kigali mwaka 1965, nacho kikadumu nusu karne.

Nimefungua redio za watu tangu ujana wangu, na nina jambo moja ninalolishikilia: historia ya majeraha ya moyo na maradhi ya akili katika wilaya hii ya Rusizi haiko hospitalini peke yake. Sehemu kubwa iko ndani ya redio, na katika namna watu walivyokaa kuizunguka.

Kazi nilifundishwa ng'ambo, Kadutu, Bukavu, na fundi Mkongo aliyekuwa na kawaida moja. Kabla ya kugusa bisibisi alimuuliza mteja, "Unataka ishike wapi?" Aliyetaka Bujumbura alikuwa na ndugu Burundi. Aliyetaka Kinshasa alitaka muziki, au siasa, au vyote viwili. Kwa jibu hilo alijua shida ya mtu kabla ya kujua ubovu wa redio. Nami niliichukua kawaida hiyo nikavuka nayo.

Siku hizo redio ilikuwa ya ua mzima. Mawe, yaani betri, yalikuwa ghali. Yakichoka yalianikwa juani ili yapate nguvu kidogo, na hakuna aliyethubutu kuyamaliza peke yake. Taarifa ya habari ikiisha, redio ilizimwa, kisha watu wakaanza kuijibu. Mmoja alisema Mobutu anadanganya, mwingine alimtetea, mama mwenye nyumba alikatiza na habari za binti aliyeolewa Bukavu na hajaleta salamu. Siasa, ndoa, bei ya samaki, vyote vilipita katika kikao kimoja. Aliyekuwa na uzito moyoni aliutua pale bila mtu kumwita mgonjwa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo tiba ya akili ya kwanza iliyokuwa karibu na watu wa huku. Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa ameshaishi kando ya ziwa letu zamani, Mjerumani Richard Kandt, aliyejenga makazi yake upande wa Shangi mwishoni mwa karne ya 19. Lakini yeye alikuja kutafuta chanzo cha Nile. Hospitali ya Ndera, ya Mabruda wa Upendo, ilianzishwa mwaka 1968, nayo iko ng'ambo ya Kigali. Kumpeleka mgonjwa huko kutoka Bugarama ilikuwa safari ya kuuza mbuzi.

Halafu desturi ya kuijibu redio ikafa, na ninaweza kusema ilianza kufa lini. Mwezi Machi 1992 Radio Rwanda ilisoma tangazo la uongo lililodai kwamba Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Wahutu, na watu wakauawa Bugesera. Mwaka uliofuata, Julai 1993, ikaja redio ya RTLM, na muziki mzuri kuliko wa redio ya serikali, na watangazaji wanaotania kama vijana wa mtaani. Milima huzuia mawimbi ya FM, kwa hiyo haikushika sawa kila bonde. Lakini kilichosemwa Kigali asubuhi kilifika kwetu jioni kwa mdomo, hata pale ambapo mawimbi yalishindwa. Niliona wateja wangu wakibadilika. Walitaka redio ndogo, za kushikwa mkononi. Walisikiliza ndani, mlango umefungwa, na asubuhi hakuna aliyesema amesikia nini. Majirani waliobishana miaka yote wakawa wanasalimiana tu. Redio ilisema, na watu wakanyamaza. Siamini kwamba chuki iliingia masikioni peke yake. Silaha, amri na mipango ilikuwepo, na wenye mipango hiyo walijulikana. Lakini nasema kwa yakini kwamba maneno yale yalipata njia rahisi pale ambapo hapakuwa tena na mtu wa kuuliza kwa sauti, "Hilo limetoka wapi?"

Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliokimbia wakakusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, hapa hapa mjini. Waliitwa kwa orodha na kutolewa nje kuuawa. Waliobaki walipelekwa kambi ya Nyarushishi, ambako wanajeshi wa Ufaransa waliwakuta mwezi Juni. Wiki chache baadaye umati wa watu ulivuka daraja kuingia Bukavu. Waliovuka walibeba magodoro, sufuria na redio. Katika msafara ule walikuwemo wauaji, na walikuwemo watoto ambao hawakujua kwa nini wanatembea.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu watu wengi hukumbuka redio iliyoua na kuisahau iliyofuata. Agosti 1994, Radio Agatashya ilianza kurusha matangazo kutoka Bukavu, ikianzishwa na waandishi wa habari kutoka Uswisi waliotaka wakimbizi wapate habari za kweli. Ilisema wapi pana maji na chanjo, na nini kimetokea kweli. Ilidumu hadi vita vilipofika Bukavu Oktoba 1996. Na mwaka huo huo wa 1994 BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi, ikasoma majina ya waliopotezana: mtoto fulani, wa kilima fulani, anamtafuta baba yake.

Kazi iliyoniletea watu wengi miaka ile ilikuwa hiyo, majina. Mama mmoja alikuja na redio iliyovunjika antena, akaniambia, "Papa fundi, usihangaike na muziki. Isikike tu wakati wa majina." Nililehemu antena nikakataa pesa yake. Saa ya majina ilipofika hakwenda nyumbani. Alikaa pale kibandani, na wengine wakaja wakakaa. Kila jina likitajwa, mtu alisema, "Huyo namjua, ni wa Nkanka," au "Huyo alipita Nyamasheke." Watu walikuwa wameanza tena kuijibu redio.

Miaka iliyofuata tulijifunza kuliita ihahamuka, lile linalompata mtu Aprili katika kumbukumbu, akapiga kelele na kuona ya mwaka 1994 mbele ya macho yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta msongo wa kudumu unaotokana na kiwewe kwa watu 3.6 katika kila 100 wa umma kwa jumla, na karibu 28 katika kila 100 kwa manusura. Wauguzi wa afya ya akili wako sasa katika hospitali za wilaya, Gihundwe na Mibilizi, na hilo ni jambo kubwa. Safari ya kuuza mbuzi imepungua. Lakini kabla huduma hiyo haijaenea, mwaka 2004, ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, hadithi ya vijiji viwili vinavyochukiana, Bumanzi na Muhumuro, na wapendanao waliozaliwa pande mbili. Watu waliulilia, wakabishana nao, wakawashauri wahusika kana kwamba ni shemeji zao.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliufanyia utafiti kwa vikundi vilivyosikiliza pamoja mwaka mzima. Alikuta kwamba mchezo haukubadilisha sana imani ya mtu moyoni. Ulibadilisha kile anachoona kinakubalika kwa wenzake, na jinsi anavyotenda. Vikundi vilipopewa redio ya kaseti mwishoni na kuambiwa viamue nani aitunze, waliosikilizishwa mchezo mwingine kwa kulinganisha walielekea kumwachia kiongozi. Waliosikiliza Musekeweya walijadiliana na kuisimamia pamoja. Mimi fundi sihitaji ushahidi mwingine. Mtu husikia kwa masikio yake, lakini hupona mbele ya wenzake.

Kwa hiyo nina wasiwasi na simu ninazotengeneza sasa. Programu za kupima huzuni, daktari wa simuni, mashine inayojibu usiku wa manane: sizipingi. Kijana anayeona aibu kuonekana Gihundwe anahitaji mlango wa pembeni, na namba 114 ya Wizara ya Afya hailipiwi. Ila tumeshaona pia mlango ukifungwa kutoka mbali. Babyl, huduma ya kumwona daktari kwa simu iliyoanza Rwanda mwaka 2016, ilizimika mwaka 2023 kampuni mama ilipoanguka Uingereza. Mgonjwa wa Nyakarenzo hakuwa na kosa lolote.

Mwaka 2020, wilaya yetu ilipofungiwa kwa miezi kwa sababu ya korona na mpaka ukafungwa, mke wangu hakuweza kumfikia mama yake aliyeko Bukavu. Alimpigia kila jioni. Niliunganisha simu na spika ya redio ya zamani, watoto wakakaa, jirani akaja, na bibi akasema na sote kwa pamoja. Alipona hofu kule, mke wangu akapona huku.

Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, vijana walileta simu zimejaa sauti za WhatsApp: daraja limelipuliwa, fulani ameuawa. Kila mmoja alisikiliza na vifaa vyake masikioni, uso umekauka. Nikawaambia wavitoe, tuweke sauti kwenye spika, na kila aliye kibandani aseme anamjua nani wa kumpigia kule ahakikishe. Nyingi zilikuwa uongo, na tulijua kabla ya jua kuzama. Naitaka wilaya ifanye hivyo hivyo kwa fedha yake: kikundi cha kusikiliza katika kila kijiji, spika moja, muuguzi mmoja wa afya ya akili anayepita mara kwa mara. Spika ninazo, na nyingine naweza kuzifufua.