Waliokausha Kuta kwa Pumzi Zao
Leo, katika nchi za baridi, fundi akishamwaga sakafu ya saruji yenye mabomba ya maji moto, huweza kuunganisha hita ya umeme ya muda ili ikauke polepole. Nisomapo historia ya Berlin baada ya 1871, nakumbuka kwamba kazi kama hiyo iliwahi kufanywa na miili ya watu. Mafukara walipangishwa, kwa kodi ndogo, nyumba mpya ambazo plasta yake ya chokaa ilikuwa ingali mbichi. Moto wao ulifukuza unyevu. Pumzi zao zilisaidia chokaa kuwa ngumu. Kuta zilipokauka, waliondolewa kuwapisha wapangaji wenye uwezo, wakahamia nyumba nyingine mbichi na maradhi yao ya kifua. Wajerumani waliwaita Trockenwohner, yaani wakaaji wakaushaji. Kodi ile haikuwa hisani: kilichopunguzwa katika fedha kililipwa kwa mapafu.